Wakati ujao kwa Kiingereza: mwongozo kamili wa viwakilishi na wingi wa nomino

Makosa ni yale yale. "My sister she will come tomorrow." "The letter will be sent on Friday," kumbe barua ziko ishirini. "Many peoples will attend." "When they will arrive, we will start." Wanaoandika hivi si wageni wa Kiingereza. Wengi wamemaliza sekondari, na neno will wanalijua tangu darasani.

Tatizo haliko kwenye will, liko pembeni yake. Kitenzi cha Kiswahili hubeba karibu kila kitu: nani, wangapi, lini, na hata anayetendewa. Will hubeba "lini" peke yake. Yaliyobaki yote lazima yasemwe na nomino na kiwakilishi, na ukisahau hapo, msomaji wako hana pengine pa kuyapata. Hatua zilizo hapa chini zinahamisha mzigo huo kipande kwa kipande, kwa hiyo zifuate kwa mpangilio.

## Vitu vya kuandaa

Daftari. Tumia kurasa mbili zinazotazamana: kushoto Kiswahili, kulia Kiingereza.

Kalamu za rangi mbili, moja ya kuandikia na nyingine ya kuzungushia viambishi.

Kamusi ya Kiingereza ya wanafunzi, ya kitabu au ya simu. Iwe ile inayoonyesha kama nomino inahesabika au haihesabiki, maana bila alama hiyo hatua ya 4 itakushinda.

Sentensi kumi zako mwenyewe za wakati ujao. Zitoe kwenye ujumbe uliotuma wiki hii: kwa bosi, kwa mteja, kwa shangazi. Sentensi za vitabuni zimeshatengenezwa zikae vizuri. Za kwako ndizo zinazokuangusha, kwa hiyo fanya mazoezi na hizo.

## Hatua ya 1: Pasua kitenzi cha Kiswahili

Usianze kutafsiri. Chukua sentensi moja, mfano "Nitawaletea kesho," uipasue kwenye ukurasa wa kushoto.

Ni- ni mimi. -ta- ni wakati ujao. -wa- ni wao, au ni ninyi. -letea ni kitendo, kuleta kwa ajili ya mtu. Na kinacholetwa? Hakikutajwa, kwa sababu wewe na msikilizaji wako mnakijua.

Sasa tazama Kiingereza kinadai nini: "I will bring it to them tomorrow." Maneno manne yamelazimika kusimama peke yake pale ambapo Kiswahili kilitumia neno moja: I, will, it, them. Ukiandika "I will bring tomorrow," Mwingereza atakuuliza unaleta nini, tena unamletea nani.

Hiyo -wa- iangalie kwa makini. Ukiwaambia wateja wako "nitawaletea," ni you. Ukiwasema wateja kwa mtu mwingine, "nitawaletea," ni them. Kiswahili huacha mazingira yaamue, Kiingereza kinataka uchague kabla hujaandika. Na kwa kuwa you ni ya mmoja na ya wengi pia, ukitaka ieleweke kwamba ni kundi zima, andika "all of you" au "both of you".

Umefaulu hatua hii ikiwa kila sentensi kati ya zile kumi ina majibu haya pembeni yake: nani, wangapi, lini, anafanya nini, anamfanyia nani au anakifanyia nini.

## Hatua ya 2: Chagua kiwakilishi cha mtendaji

Ni- ni I, u- ya mtu ni you, tu- ni we, m- ni you, wa- ni they. Hapa hakuna mtego. Mtego uko kwenye a-.

"Atafika" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza lazima kiseme: "He will arrive" au "She will arrive." Kama humjui mtu huyo, kwa mfano meneja mpya ambaye hata jina lake hujaambiwa, tumia they: "The new manager will start on Monday. They will meet the staff at ten." They ya mtu mmoja ni Kiingereza sahihi, usiogope. Asiyeipenda katika barua rasmi arudie cheo: "The manager will meet the staff at ten."

Wanyama nao kwa Kiswahili huchukua a- na wa-. Kwa Kiingereza, mbuzi atakayechinjwa Jumamosi ni it. Mbwa wa nyumbani mwenye jina lake anaweza kuwa he au she. Wakiwa wengi, wote ni they.

Tahadhari: usimtaje mtendaji mara mbili. "Mama atakuja" ina a- kwa sababu kitenzi chetu hakisimami bila hiyo. Kiingereza hakina sharti hilo, kwa hiyo "My mother she will come" ni sawa na kusema "Mama yeye atakuja" katika kila sentensi. Nomino ikishakaa mbele ya will, futa kiwakilishi: "My mother will come." Sentensi inayofuata ndipo she inapoingia: "She will stay for a week."

Kuna jambo jingine ambalo hata walimu hulipita. Ukisema "Tutakwenda na Juma," mara nyingi ni watu wawili tu, wewe na Juma. Ukiandika "We will go with Juma," Mwingereza ataelewa watu watatu au zaidi: sisi, halafu Juma. Aliyekuwa anakata tiketi atakata tatu. Mkiwa wawili, andika "Juma and I will go." Jina la mwenzako hutangulia, I hufuata.

## Hatua ya 3: Hamishia wingi kwenye nomino

Ukiwa na muda wa kufanyia kazi hatua moja tu, fanya hii.

Soma jozi hii:

Barua itatumwa Ijumaa. Barua zitatumwa Ijumaa.

Neno barua halikubadilika. Kilichokuambia kuna moja au nyingi ni i- na zi- kwenye kitenzi. Sasa upande wa pili:

The letter will be sent on Friday. The letters will be sent on Friday.

Hapa "will be sent" haikubadilika hata herufi. Tofauti yote imebebwa na s moja mwishoni mwa letters. Ndiyo maana mtu aliyekulia Kiswahili huiacha s hiyo bila kuhisi kasoro yoyote: akilini mwake wingi umeshasemwa na kitenzi, na kitenzi cha Kiingereza kimenyamaza.

Maneno ya kundi hili tunayatumia kutwa: nyumba, simu, picha, tiketi, meza, kalamu, siku, ndizi, karatasi, nguo. Yote hayabadiliki kwa wingi, na yote huangusha watu.

Fanya hivi: kwa kalamu ya pili, zungushia kiambishi cha kwanza cha kila kitenzi. Ukikuta zi-, vi-, ya- au wa-, weka alama ya s juu ya nomino upande wa Kiingereza kabla hujaandika kitu kingine chochote. Hatua ya 4 itakuonyesha zipi za kufuta.

Kiambishi i- peke yake hakitoshi. "Nyumba itajengwa" ni moja, lakini "Miti itakatwa" ni mingi. Ukikutana na i-, tazama nomino: ikianza na mi- ya mti/miti, ni wingi, weka s.

Tahajia ya wingi haina mambo mengi:

Nomino nyingi huongeza s tu: guests, cars, rooms. Zinazoishia na s, x, ch au sh huongeza es: buses, boxes, churches, dishes. Konsonanti ikifuatwa na y, y hugeuka ies, kama city/cities. Irabu ikitangulia y, haigeuki, kama day/days. Knife, wife na life huwa knives, wives, lives, ila roof hubaki roofs.

Halafu yale ya kukariri: man/men, woman/women, child/children, person/people, tooth/teeth, foot/feet. Sheep na fish havibadiliki. Men, women, children na people tayari ni wingi. Ukiongeza s unapata "childrens" na "peoples", makosa mawili ambayo mwajiri huyaona kabla hajafika kwenye sifa zako.

Alama ya mkato wa juu si ya wingi. "Letter's" ni ya barua, si barua nyingi. Mabango ya maduka yamejaa kosa hili, tena hata huko Uingereza, kwa hiyo usiige bango.

Baada ya namba, hundred, thousand na million hazichukui s: "Two hundred guests will attend." Na kipimo kikikaa mbele ya nomino nyingine, nacho hupoteza s: "The course will take two weeks," lakini "It will be a two-week course."

Ukisoma ukurasa wa kulia peke yake, bila kuangalia Kiswahili, na bado ukaweza kusema ni kipi kimoja na kipi vingi, hatua hii imekwisha.

## Hatua ya 4: Kamata nomino zinazodanganya

Sasa futa s zisizostahili. Kuna maneno ambayo Kiswahili huyatendea kama wingi, na Kiingereza huyaona kuwa kitu kimoja kisichohesabika.

Kundi la ya-: maji, maziwa, mafuta, mahindi. "Maji yatakatika saa nne" huwa "The water will be cut off at ten." Sentensi ya pili, "yatarudi jioni," si "they will come back" bali "It will come back in the evening." Kosa la they hapa ni la kawaida sana, na linatokana na ile ya- unayoisikia kichwani.

Kundi la zi-: pesa, habari, taarifa, nywele. "The money will be sent. It will reach you tomorrow." "The news is going to surprise them." News ina s, lakini ni moja.

Na kundi la ofisini, linaloharibu barua nyingi kuliko yote: information, advice, equipment, furniture, luggage. Kwa Kiswahili tuna taarifa, vifaa, samani, mizigo, na vyote vinakuja kwa wingi. Kwa Kiingereza hakuna "informations", hakuna "equipments", hakuna "luggages". Ukitaka kuhesabu, hesabu chombo au kipande: two pieces of information, three bags, five litres of milk.

Upande wa pili kuna yanayogeuka kinyume. Suruali moja ni trousers, mkasi mmoja ni scissors, miwani ni glasses. Vyote ni they: "Your trousers will be ready on Thursday. They will be ironed too." Fundi nguo anayewahudumia watalii Zanzibar aijue hii kabla ya nyingine zote. Police na cattle havina s lakini ni wingi: "The police are going to close the road."

Mvua ina njia mbili. "Mvua itanyesha" ni "It will rain," na hiyo it haisimami badala ya kitu chochote, inajaza nafasi tu. Masika ni "the long rains", wingi: "The long rains will start in March. They will last until May."

Kwa neno lolote usilo na uhakika nalo, fungua kamusi uangalie alama ya kuhesabika.

## Hatua ya 5: Will au going to

Will ni moja kwa wote: I will, she will, the children will. Kitenzi kinachofuata hubaki kitupu. Si "she will comes", si "they will to come", si "we will going".

Going to ndiyo yenye kazi, kwa sababu hubadilika kwa mtu na kwa idadi:

I am going to call.
You / we / they are going to call.
He / she / it is going to call.
The driver is going to call. The drivers are going to call.

Hapa wingi unasemwa mara mbili, kwenye nomino na kwenye are, na lazima vikubaliane. "The drivers is going to" ni kosa. "The driver are going to" ni kosa vilevile. Everybody na every student huchukua is, hata kama kwa Kiswahili ungesema "watu wote wata-": "Everybody is going to bring their own chair." Ndiyo, is halafu their, katika sentensi moja. Imezoeleka hivyo.

Team, family, committee na government: Waingereza huweza kusema "the team are going to", Wamarekani husema "the team is going to". Chagua moja, usichanganye ndani ya barua moja.

Lini hii, lini ile? Uamuzi wa papo hapo, ahadi na matangazo ni will. Mpango uliokwishakupangwa, au jambo ambalo dalili zake unaziona, ni going to. Wingu jeusi liko juu ya kichwa: "It is going to rain." Simu inaita: "I'll answer it." Shall imebaki zaidi kwenye mikataba na katika kupendekeza, kama "Shall we start?"

Ukanushaji ni will not, kwa ufupi won't. Haina neno no: "hatutakuja" ni "We won't come."

## Hatua ya 6: Weka anayetendewa

Viwakilishi hubadilika vikihamia nyuma ya kitenzi: I huwa me, he huwa him, she huwa her, we huwa us, they huwa them. You na it hubaki vilevile.

Rudi kwenye majibu ya hatua ya 1. Popote ulipoandika kwamba kinachotendewa hakikutajwa, weka it au them. "Umeona ufunguo? Nitaleta." Kiingereza: "I will bring it." "Na viti? Nitaleta." "I will bring them." Ngeli zote za vitu, ki-, li-, u-, i-, zinaishia kwenye it, wingi wake wote unaishia kwenye them, isipokuwa nomino zile za hatua ya 4. Huu ndio upande ambao Kiingereza ni rahisi kuliko chetu.

## Hatua ya 7: Ondoa will baada ya when na if

"Watakapofika tutaanza" ina -ta- mara mbili, na ndiko "when they will arrive" inakotoka. Kiingereza huweka will upande mmoja tu: "When they arrive, we will start." Ni hivyo hivyo kwa if, before, after, until na as soon as pale vinapotaja wakati au sharti.

Sasa tazama s inavyohama:

When the visitor arrives, we will start.
When the visitors arrive, we will start.

S ya nomino huonyesha wengi. S ya kitenzi huonyesha mmoja, he, she au it. Katika jozi kama hii s hukaa mahali pamoja tu. Ukiiona pande zote mbili, "the visitors arrives", futa ya kitenzi. Usipoiona popote, "the visitor arrive", amua kwanza ni mgeni mmoja au wengi.

## Hatua ya 8: Kutakuwa na, tutakuwa na

"Kutakuwa na wageni wengi" ni "There will be many guests," si "It will be many guests." Kwa going to, tazama nomino: "There is going to be a meeting," "There are going to be two meetings."

"Tutakuwa na wageni" ni "We will have guests." Ukiandika "We will be with guests," unasema mtakuwa mmekaa nao wakati huo. Na "kutakuwa na joto" ni "It will be hot."

## Hatua ya 9: Kagua ujumbe mzima

Chukua ujumbe wa kampuni ya utalii Arusha kwa wakala aliye nje:

"Wageni watafika Jumanne saa mbili asubuhi. Dereva atawapokea uwanjani. Mizigo itapakiwa kwenye gari. Taarifa zaidi zitatumwa kesho. Watakapofika hotelini, nitawapigia. Tutakwenda na Juma hadi Karatu."

Haraka haraka hutoka hivi: "The guest will arrive on Tuesday at 2 a.m. The driver he will receive at the airport. The luggages will be loaded. More informations will be sent tomorrow. When they will reach the hotel, I will call. We will go with Juma to Karatu."

Baada ya hatua zote:

"The guests will arrive on Tuesday at 8 a.m. The driver will meet them at the airport. Their luggage will be loaded into the car. More information will be sent tomorrow. When they reach the hotel, I will call them. Juma and I will go as far as Karatu."

Saa umeiona? Saa mbili asubuhi ni 8 a.m. Haimo kwenye viwakilishi wala wingi, lakini ndiyo kosa pekee katika ujumbe huu ambalo lingemfanya wakala atake gari usiku wa manane.

Kagua kwa mizunguko mitatu, kila mmoja na kazi yake. Wa kwanza, nomino tu: moja au nyingi, inahesabika au la. Wa pili, viwakilishi tu: kila it, they, him na them ioneshe kwa mshale nomino yake, na isiyo na pa kuelekea ibadilishe, isipokuwa ile it ya mvua na joto. Wa tatu, will na going to. Ukijaribu kukagua vyote kwa mara moja, jicho litasoma unachokusudia badala ya ulichoandika. Kisha zipitishe hivyo hivyo sentensi zako kumi, na yenye kasoro irudishe kwenye hatua yake kabla ya kuisafisha.